Sifa Zake Bwana Kuvu

Wapangaji wenzangu, sisi ni wachoyo wa sifa. Mwenye nyumba akitupunguzia kodi tunamsifu, dalali akitutafutia chumba kisicho na foleni ya choo tunamsifu, lakini huyu anayelala nasi chumbani bila kudai chochote hatujamwimbia hata ubeti mmoja. Leo namsifu Bwana Kuvu.

Kwanza, hana makuu. Hataki kitanda wala jiko. Mpe ukuta uliolowa, pembe isiyopata upepo na siku mbili tatu, atakuwa amekwisha kuhamia. Masika yakianza na bati likivuja, hangoji kualikwa: huanza na vidoa vyeusi nyuma ya kabati, akashuka taratibu hadi usawa wa godoro. Hapo hutulia, maana hapo ndipo alipo kipenzi chake.

Bwana Kuvu anapenda watoto. Wakubwa tunashinda kwenye mihangaiko. Mtoto mchanga ndiye anayebaki naye. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga mara 30 hadi 60, tena kwa vijia vyembamba vya hewa. Basi zile mbegu zake zisizoonekana kwa macho anapozigawa, mdogo hupata fungu nono kuliko sisi. Mafua hayaishi, macho yanawasha, usiku kifua kinabana na kupiga mluzi. Mwenye pumu inampanda. Mama ananunua dawa ya kikohozi, bibi anasema ni baridi, jirani anasema ni meno. Bwana Kuvu anawasikiliza wote kutoka ukutani, wala hajitapi.

Nasaba yake nayo si haba. Mwaka 1928, jijini London, jamaa yake mmoja aliota kwenye sahani ya maabara ya Alexander Fleming, akawazuia bakteria kumsogelea, na dunia ikapata penisilini. Ila tuseme haki: jamaa huyo alifanya makuu yake sahanini, si kwenye godoro la mtoto.

Sifa inayonifanya nimvulie kofia ni ukweli wake. Katika nyumba ya kupanga kila mtu ana lake la kuficha. Mwenye nyumba anaficha bati lililooza. Dalali anaficha bomba linalovuja ndani ya ukuta. Mpangaji anayehama anaficha kinachomhamisha. Bwana Kuvu peke yake ndiye anayesema hadharani: hapa pana maji. Na malipo yake ni nini? Rangi ya maji, mkono mmoja, inapakwa asubuhi na mpangaji mpya anaingia jioni. Zikinyesha mvua mbili tatu, shahidi amerudi palepale, na ushahidi uleule.

Huko Rochdale, Uingereza, baba mmoja alitoa taarifa ya kuvu nyumbani kwake mwaka 2017. Akaambiwa apake rangi. Desemba 2020 mwanawe, Awaab Ishak, akafariki akiwa na umri wa miaka miwili, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akathibitisha kwamba maradhi ya njia ya hewa yaliyomuua yalitokana na kuishi na kuvu hiyo muda mrefu. Leo sheria inayobeba jina la mtoto huyo inawapa wapangishaji wa nyumba za kijamii siku 10 za kazi kuchunguza hatari kubwa ya unyevu na kuvu wakishaarifiwa. Ililazimu kutungwa sheria ili Bwana Kuvu asikilizwe.

Sisi tumpe heshima ya shahidi bila kungoja msiba: tumsikilize kwanza, ndipo tumfukuze. Fuata maji hadi yanakotoka, ziba bati, tengeneza bomba. Kisha sugua ukuta kwa sabuni, uache ukauke kabisa, sogeza kitanda mbali nao, fungua dirisha lenye wavu. Godoro lililoota kuvu litupe, halisuguliki. Na mwenye nyumba akija na ndoo ya rangi, mkaribishe vizuri, kisha umuulize fundi bomba yuko wapi.