Nyumba Bila Ardhi, Ghorofa ya Nne

Mimi ni mwenye nyumba Syokimau na mpangaji Donholm. Syokimau nina vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya nne, na roshani inayotazama ndege zikishuka Uwanja wa Jomo Kenyatta. Donholm nina chumba na sebule, na dirisha linalotazama dirisha la jirani. Wanaouliza kwa nini nisihamie kwangu huwa nawajibu kwa maneno ya dada aliyeniuzia: "Uwekezaji haulaliwi, kaka."

Niliinunua ikiwa bado karatasi. Unalipa arbuni, halafu unalipa kidogo kidogo huku wakijenga, na unapunguziwa bei kwa kuwa unachonunua hakipo. Kwenye picha mtaa ulikuwa na miti mirefu, bwawa la kuogelea la samawati, na mzungu mmoja akikimbia mazoezi ya asubuhi. Miti haikuota. Mzungu mpaka leo hajafika. Nadhani yuko kwenye foleni ya Mombasa Road.

Kuhusu foleni, dada yule aliniambia ni dakika ishirini tu hadi katikati ya jiji, na akanithibitishia kwa gari lake. Tulipita barabara ile ya juu iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, Jumapili alfajiri, watu wote wakiwa wamelala. Tulipofika kwenye kizuizi cha malipo alikumbuka kwamba pochi yake ameiacha ofisini. Nililipa mimi, kwenda na kurudi.

Mara ya pili alinipeleka kuona msingi, na mvua ilikuwa imenyesha. Asiyeijua Syokimau aambiwe kwamba udongo wake ni ule mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, na masika hugeuka gundi. Kiatu changu cha kushoto kilibaki huko. Tulijaribu kukivuta, mimi na vibarua wawili, kikazidi kuzama. Kwa hiyo nikiambiwa sina kitu ndani ya ardhi ile hukataa. Ninacho, saizi 42, chini ya maegesho ya magari.

Bwawa, nisiwe mwongo, lilijengwa. Lilijazwa maji siku ya kukabidhiwa funguo tukapigwa picha kando yake. Lakini maji ya kisima ya upande ule yana chumvi. Sabuni haitoi povu na birika huota gamba jeupe ndani. Maji matamu huletwa na boza, kwa bei ambayo boza lenyewe linajua. Pampu ya kisima ilipokufa, wakazi waliteremka na ndoo, wengine na mitungi, na kufikia jioni bwawa lilikuwa kavu. Sasa watoto huchezea mpira humo. Upande wa kina kirefu ndio goli, na kipa wao hafungwi kirahisi.

Hatimiliki yangu ninayo, yenye jina langu, kwa sheria mpya ya majengo ya sehemu ya mwaka 2020. Nimeisoma zaidi ya nilivyosoma kitabu chochote cha shule. Inasema mpaka wangu na jirani unapita katikati ya ukuta. Yaani ukuta ule una nusu yangu na nusu yake, na sakafu yangu kwa chini ni dari ya mtu mwingine. Ardhi, ngazi, paa na lile goli ni vya wote, na wenye nyumba wote ni wanachama wa shirika moja lenye mikutano. Nimehudhuria mikutano hiyo. Mmoja ulijadili lifti kwa saa tatu, ukaamua kuunda kamati ya kuijadili lifti.

Nilipompigia mama Mombasa kumpa habari njema, alifurahi, akamshukuru Mungu, kisha akaanza maswali.

"Haya, na kiwanja chake kikubwa?"

"Kiwanja ni cha wote, mama. Tuko watu themanini."

"Hapo mbele ya mlango?"

"Ni ujia wa wote."

"Na dari?"

"Nusu ni ya anayekaa juu."

Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ni nyumba bila ardhi. Si ungesema? Huku Majengo zimejaa tele. Umeifuata hadi Nairobi yanini?"

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Wengine wajue kwamba pwani, miaka na miaka, watu wamejenga nyumba zao juu ya viwanja vya watu wengine: kuta na paa ni zako, ardhi ina mwenyewe, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Mama anayo moja, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma. Yeye analala kimoja, vitano amepangisha. Tarehe moja, baada ya sala ya alfajiri, hugonga milango mitano kwa mwiko. Hesabu zake ziko kwenye daftari la shule lenye jina langu la darasa la tatu.

"Na hiyo yako inakuachia nini?" akauliza.

Nikamsomea. Kodi 35,000. Toa 5,000 za ada ya huduma, ambazo ndizo hulinda lifti isitengenezwe. Toa 3,500 za wakala anayekusanya kodi. Toa ushuru wa serikali, asilimia 7.5 ya kodi yote kabla hujatoa hata shilingi ya kamba ya pazia. Na hapo tumeshukuru, kwa maana hadi mwisho wa 2023 ilikuwa asilimia 10. Hiyo ni 2,625. Zinabaki 23,875. Nyumba ilinunuliwa milioni sita na nusu, na ushuru wa stempu asilimia nne juu yake. Nikamwambia kwamba kwa mwendo huo, ikiwa haitakaa tupu hata mwezi mmoja, pesa zangu zitakuwa zimerudi baada ya miaka kama 24.

Mama alicheka mpaka akamwita jirani aje asikie.

Lakini mpangaji nilikuwa naye, tena mpangaji wa kuombewa dua. Alilipa tarehe moja kupitia kwa wakala. Hakupiga simu kuhusu mende wala balbu. Hatukuwahi kuonana, na katika ndoa ya mpangaji na mwenye nyumba hakuna dalili njema zaidi ya hiyo.

Siku moja kazini mwenzangu alikuwa akimtafutia binamu yake mahali pa kulala karibu na uwanja wa ndege. Akanionyesha kwenye simu. "Makao ya Kifalme, roshani yenye mandhari ya ndege, 4,500 kwa usiku." Nikatazama mapazia, makochi, taa za rangi. Kisha nikaona jikoni, karibu na sinki, kigae kilichopasuka ambacho fundi aliniahidi kukibadilisha tangu nikabidhiwe funguo. Ningekitambua kigae kile hata kaburini.

Usiku nane tu, na mpangaji wangu amekwisha kulipa kodi yangu. Zinazobaki ni zake. Mkataba unamkataza, ndiyo, na wakala angemfurusha nikisema neno. Nikapiga hesabu ya miezi mitupu, nikaufyata.

Sasa mama naye akaja na lake: anapanda treni kuja kuiona nyumba ya mwanawe, na atalala humohumo. Stesheni ya treni ya Mombasa iko Syokimau yenyewe, kwa hiyo kisingizio cha umbali sikuwa nacho. Nikafanya lililowezekana. Nikakodi nyumba yangu, usiku mbili, kwa jina la mama. Shilingi 9,000 zilitoka mfukoni mwangu zikaenda kwa mpangaji wangu.

Langoni keateka alinipa kitabu cha wageni. Kulikuwa na safu ya "unamtembelea nani". Niliandika namba ya nyumba yangu, akanitazama, akasema nyumba hiyo wageni ni wengi. Ufunguo ulikuwa kwenye kisanduku chenye namba za siri. Ndani palikuwa pazuri kuliko nilivyopaacha. Ukutani palibandikwa masharti, na mama, ambaye miwani yake huwa haionekani isipokuwa kuna jambo, akayasoma kwa sauti. Usivute sigara. Usipige muziki. Usikaange samaki.

Akaweka kikapu chini. Ndani mlikuwa na changu wanne, kutoka sokoni Kongowea, wamefungwa kwenye gazeti.

"Nyumba hii ya nani?"

"Yangu, mama."

"Basi washa jiko."

Asubuhi yake dada wa usafi alikuja kubadilisha taulo, akanikuta kichwa kikiwa ndani ya kabati la sinki, nikikagua mabomba. Mama wakati huo alikuwa roshani na simu sikioni, akimtumia mwenyeji wetu ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine. Alitaka kujua kijana anaweka pazia la bei gani, taulo anafua mwenyewe au anafulisha, na je, Mombasa hufika? Kuna vyumba vitano Majengo, karibu na mji, na samaki ruhusa. Kabla ya treni yake kuondoka walikuwa wamekubaliana aanze na viwili.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," aliniambia akipanda behewa. "Mshike."

Nikiwa kwenye matatu ya kurudi Donholm simu ikalia. Mwenyeji alikuwa ametuandikia maoni, na kutupa nyota nne kati ya tano: "Bi mkubwa ni mcheshi, tunamkaribisha tena wakati wowote, hata na samaki wake. Ila alikuja na kijana wake mmoja, anafungua kila kabati kana kwamba nyumba ni yake."