Wiki ya Maji na Methanoli

Jumatatu. Chevrolet Nova ya shemeji imegonga tena. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 350, kabureta ya Holley yenye koo nne, mgandamizo wa 11.5 kwa 1, na Ohio mwezi wa Julai ni joto tupu. Anaiendesha kwa petroli ya oktani 93, kwani ile ya mbio bei yake haishikiki. Nikafungua plagi ya silinda ya saba. Kwenye kauri nyeupe palikuwa na vidoadoa kama pilipili manga iliyosagwa. Hizo ni chembe za aluminiamu zilizobanduka kwenye pistoni, na pistoni haioti tena.

Katika injini hii silinda ya tano na ya saba, ambazo ni jirani, huwaka zikifuatana, kwa hiyo eneo hilo halipati nafasi ya kupoa. Mchanganyiko uliobaki pembeni unajiwakia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na huko ndiko kugonga. “Shemeji, tuinyweshe maji,” nikamwambia. Akanitazama kwa muda mrefu.

Si uzushi wangu. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke humeza takriban kilojuli 2,260 za joto. Methanoli humeza karibu nusu ya hapo, ila yenyewe huwaka na hustahimili kugonga. Ndege za Kijerumani za Vita vya Pili vya Dunia zilitumia MW 50, nusu maji, nusu methanoli. Mwaka 1962 Oldsmobile waliuza Jetfire yenye turbo na kitangi cha mchanganyiko wa aina hiyo. Wenye magari wengi walisahau kukijaza.

Jumanne. Foleni dukani. Muuzaji mmoja, na aliyenitangulia alikuwa anarudisha breki bila risiti. Nilipofika mbele, methanoli ilikuwa imekwisha. Nikashauriwa nichukue maji ya bluu ya kusafishia vioo vya gari. Kweli yana methanoli, lakini pia yana sabuni na rangi, na kipimo hubadilika chupa hadi chupa. Nikarudi mikono mitupu.

Jumatano. Kifurushi cha pampu kimefika bila kiungio cha bomba. Tangi, lililonunuliwa kwa mtu, lina ukoko wa chokaa kwa ndani, maana lilijazwa maji ya mferejini. Tundu la nozeli halifiki milimita moja. Punje moja ya chokaa ikiziba pale, na taimingi tumeshaisogeza mbele, pistoni inatoboka kabla dereva hajainua mguu. Tangi tumelitupa, tukaweka jipya. Sasa maji ni ya betri tu, na chujio kabla ya nozeli.

Ijumaa tulibishana mahali pa kuzifunga nozeli. Matone mazito hayapindi kona za manifoldi kama hewa inavyopinda, kwa hiyo silinda nyingine hulowa na nyingine hubaki kavu. Tukafunga nozeli mbili juu ya kabureta, kila moja ikielekea jozi yake ya koo, zitoe ukungu mwembamba. Swichi ikakaa kwenye mkono wa kabureta, iwashe pampu pedali ikigusa sakafu. Kiungio na methanoli vilifika jioni sana.

Jumamosi. Foleni ya ukaguzi kwenye uwanja wa mbio ilifika hadi getini. Mkaguzi akauliza tangini mna nini, kisha akaturudisha nyuma tuliandike jina na kulifunga kwa mikanda ya chuma. Ana haki, mwali wa methanoli hauonekani mchana. Foleni tukaianza upya.

Gari likaondoka likikohoa. Mwendo wa injini ulikuwa bado mdogo na maji yalikuwa yameshaanza kumwagika, yakauzima moto nusu. Baada ya hapo likakaza uzi hadi mwisho wa mita 402. Plagi ya saba ilitoka safi, bila kidoa hata kimoja. Nikampa shemeji aishike mwenyewe.

Dawa ya kukohoa ni kuichelewesha pampu hadi injini ifike mizunguko 4,000 kwa dakika. Nilikuwa bado naunga nyaya mvua ilipoanza. Njia ikilowa hakuna mbio, na uwanja haufunguliwi tena hadi Jumamosi ijayo.