Bibi Sunderland na umeme wa dabi

Ewe uliyezaliwa Yanga ukaoa kwa watu wa Simba, vuta kiti. Yangu ni yako.

Mama mkwe wangu tunamwita Bibi Sunderland. Klabu yake ilibadili jina mwaka 1971 ikawa Simba, lakini yeye habari hizo hajazipokea mpaka leo. Timu alirithi kwa baba yake, fundi cherehani wa Kariakoo. Akamrithisha mke wangu, naye akamrithisha kitinda mimba wetu, Kisigino, kabla mtoto hajaota meno.

Mimi marehemu baba aliniachia Yanga ya Jangwani na redio yake ya mawe. Redio hiyo ina historia. Julai 1977 Simba walipotufunga 6-0, Abdallah Kibadeni akipachika matatu, mzee aliizima, akaifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Mama akawa anasikiliza taarifa ya habari kwa jirani. Mwanangu mkubwa hakumkuta babu yake, lakini kisa hiki anakijua chote. Tunamwita Katibu, maana matokeo yote ya dabi ameyaandika kwenye daftari.

Sasa, Jumapili ya dabi, tarehe 5 Novemba 2023, Bibi alitua kwetu asubuhi na mapema na nyama ya pilau. Jioni Simba wakakaa kwenye makochi, sisi Yanga mkekani. Ndiyo sheria ya nyumba, wala usiniulize nani aliipitisha. Musonda akatutanguliza, Kibu Denis akasawazisha. Mapumziko, 1-1.

Hapo Bibi akasema lile bao la kwanza limeletwa na ushungi wake uliojikunja, upigwe pasi haraka. Pasi ikachomekwa, mke wangu naye akachomeka birika la chai. Uniti za LUKU zikaisha. Televisheni ikazima.

Kununua umeme, mtandao wa simu ukagoma. Tokeni ilipofika, tarakimu 20, Katibu akasoma na Kisigino akabonyeza, ikakataa. "Ananitajia namba za uongo! Yanga huyu!" Wakakamatana mashati hapo hapo chini ya mita. Mke wangu akawaamua, nami nikakimbilia dukani kununua mawe.

Basi mabao ya Nzengeli mawili na la Aziz Ki tumeyasikiliza kwenye redio ya baba, Katibu kaikumbatia, machozi yanamtoka kwa furaha. Miaka yote nilitamani baba na huyu mtoto wakae pamoja kwenye mechi moja. Tokeni ilipokubali na umeme kurudi, tukawahi penalti ya Pacôme. 5-1.

Tumeshinda uwanjani, lakini sufuria la pilau liko mikononi mwa Bibi, na Bibi kanuna. Mke wangu kasimama na mama yake. Kisigino analia chini ya meza.

Aliyetuokoa ni Katibu. Akafungua daftari, akamwonyesha mdogo wake ukurasa wa Mei 2012: Simba 5, Yanga 0. "Usilie, na nyie mlitufunga." Bibi akamnyang'anya daftari, akavaa miwani, akaanza kusimulia bao moja baada ya jingine, nani alitoa pasi, kipa aliangukia wapi. Alipomaliza 2012 akahamia 1977, na kijiko cha kupakulia bado kakishika yeye.