Ufunguo Uliobaki Mbinga

Mbamba Bay, Juni

Jumatatu. Nimetangaza semina ya wanaume, Alhamisi saa moja jioni. Somo: baba katika nyumba yake. Siku niliichagua mwenyewe, kwa kalenda ya ukutani.

Jumanne. Msiba mmoja. Mbuzi wa jirani wameingia tena kwenye mihogo ya kanisa.

Jumatano. Nilitakiwa Liuli kumpa mgonjwa Komunio. Mwenye boti alilitazama ziwa, akasema, "Baba Mchungaji, upepo wa mwera umeamka. Leo hatuondoki." Mimi niliona mawimbi ya kawaida tu. Nikamsihi, nikamtajia hali ya mgonjwa. Akaendelea kukaza kamba. Kufikia saa sita mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, na maji yalikuwa yanapiga pale tulipokuwa tumesimama. Jioni nzima nimemuwaza Askofu Chauncy Maples wa Likoma, aliyezama katika ziwa hili hili mwaka 1895, akirudi kwa watu wake wakati wa dhoruba, ndiyo kwanza amewekwa wakfu uaskofu. Nawawaza zaidi waliokuwa naye chomboni. Mtu anamkatalia vipi askofu? Mwenye boti wangu alinikatalia, na namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Alhamisi. Asubuhi nilikwenda Liuli kwa bodaboda. Mgonjwa alipokea, akalala. Upepo ukatulia. Saa moja jioni kwenye semina tulikuwa watatu: mimi, mzee wa kanisa mwenye goti bovu, na kijana aliyekuja kuchaji simu. Nilipotoka nje niliona ziwa limejaa taa kama mji. Mwezi ni mwandamo na usiku ni wa giza, na usipa, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wanaume wangu wote walikuwa kule, wanawatafutia watoto chakula, kazi ileile niliyotaka kuwafundisha. Mzee alisema, "Tungesubiri mbalamwezi, Baba. Mbalamwezi ikiwaka wanashona nyavu." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikumuuliza.

Ijumaa. Nilishuka ufukweni kuwaomba radhi. Akina mama walikuwa wanageuza usipa juu ya chanja, nikashika upande mmoja niwasaidie. Mguu wa chanja ukateleza, karibu debe zima likamwagika mchangani. Usipa wenye mchanga haununuliki. Mama mwenye mali alisema, "Si kitu, Baba Mchungaji," huku anaokota kamoja kamoja na kukapuliza. Kilikuwa kitu. Nimemlipa bei ya debe, akakataa mara mbili, mara ya tatu akapokea.

Jumamosi. Mbinga, kufungisha ndoa. Zamani wakati wa masika safari hii ilimeza siku nzima, sasa ni kilomita 67 za lami. Kule juu baridi ilikuwa kali, kahawa imeanikwa kila uwanja. Niliazimwa koti zito, nikavua langu. Usiku nimerudi ziwani bila koti langu.

Jumapili. Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwenye koti. Ni mmoja tu, na miaka minne nimeubeba mimi. Tumesali chini ya mwembe. Kasha la sadaka lilikuwa limefungiwa ndani, kwa hiyo sadaka iliwekwa kwenye mkeka na mhazini akaihesabu mbele ya watu wote. Jogoo na mahindi vikapigwa mnada hapo hapo. Kisha bibi mmoja akasimama: "Na ile hela ya bati, Baba, imefikia ngapi?" Nikataja kutoka kichwani. Mhazini akasema kwa sauti ya chini kwamba si hiyo, inapungua shilingi 40,000. Watu wakanyamaza. Nilikwenda nyumbani kuchukua daftari: mifuko miwili ya saruji, nimeandika kwa mkono wangu, ila sikumwambia mtu. Niliwasomea ukurasa wote. Hakuna aliyenilaumu, lakini nimeyaona macho yao kabla sijarudi na daftari, na sitaki kuyaona tena. Siku hiyo hakuna aliyekuwa mwizi. Angekuwepo, kanisa hili lisingekuwa na njia ya kumjua.

Jumatatu. Koti limefika kwa basi la asubuhi. Fundi amechonga funguo mbili zaidi. Mmoja ni wa mhazini. Mwingine nimempelekea yule bibi. Akaugeuza mkononi, akauliza kama mlango unasukumwa au unavutwa, akaufunga kwenye pindo la kanga.