Utajiri wa Makisio

Pale Jadida, Wete, kompyuta kuukuu haifi. Huhamishwa meza tu. Na ikijaa, hakosekani bingwa wa barazani: “Diski mpya ya nini, mwanangu? Ikandamize hiyo hiyo.”

Ushauri huo una umri wake. Mwaka 1993 Microsoft walitia DoubleSpace, programu ya kukandamiza diski, ndani ya MS-DOS 6.0, na mwenye diski ya megabaiti 40 akalala maskini, akaamka na 80. Utajiri wenyewe ulikuwa wa makisio: programu ilidhani kila kitakachoingia kitasinyaa nusu, mithili ya dalali anayehesabu pishi za karafuu zingali mtini. Barua zilisinyaa kweli. Picha zilizokwisha kubanwa ziligoma, na ile nafasi tupu iliyotangazwa kwenye kioo ikayeyuka bila kuaga.

Isitoshe, mali yako yote ilitiwa katika faili moja kubwa lililofichwa. Likiharibika hilo, basi angalau umepoteza maradufu ya wenzako.

Na ufundi wa kubana nao ulikuwa na wenyewe. Februari 1994 jopo la waamuzi mahakamani Los Angeles liliona Microsoft wamekiuka hataza za kampuni ya Stac, waliotengeneza programu ya kubana iitwayo Stacker, likawapa Stac fidia ya dola milioni 120. DoubleSpace ikatolewa, MS-DOS 6.22 ikaja na DriveSpace, kazi ile ile, kanzu nyingine. Mwaka huo huo wakubwa wakapatana kwa malipo pungufu ya yale ya jopo. Kumbe fidia nayo hukandamizika.