Barista Mpya wa Geita na Mafunzo ya Kuangalia

Barista mpya ni mtu aliyekabidhiwa mashine ya bei kubwa kuliko bodaboda, akaonyeshwa vitufe viwili, kisha akaachiwa foleni. Mjini Geita kazi hii ni changa, ingawa kahawa yenyewe ni ya zamani. Ile chungu ya mtaani, inayomiminwa kutoka kwenye dele na kusindikizwa na kashata, haijawahi kudai mtaalamu aliyevaa aproni. Jirani, mkoani Kagera, Wahaya wametafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa tangu enzi za mababu, na hakuna aliyeunguzwa na mvuke. Mashine za espreso zimefuata fedha. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, mkoa ukaundwa mwaka 2012, na mji ukapata wageni wanaouliza kapuchino kabla hawajauliza choo kiko wapi.

Mafunzo ya kazi hii hutolewa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuangalia: mgeni husimama nyuma ya mwenyeji na kutazama mikono inayokwenda mbio, na kila akiuliza swali hujibiwa "utazoea". Ya pili ni video: bosi humrushia kwa WhatsApp Mwitaliano anayechora ua juu ya maziwa, kwa mashine isiyofanana hata kidogo na iliyoko kaunta. Ya tatu ni urithi: mwalimu ndiye anayeacha kazi wiki hiyohiyo, hivyo hana haraka ya kufika mwisho wa somo. Njia zote tatu zinahitimisha mwanafunzi ambaye amejifunza kuwasha, kuzima na kuomba radhi.

Somo linalorukwa ni fupi sana. Espreso ya vipimo viwili huanza na gramu 18 hivi za kahawa iliyosagwa na kutoa gramu 36 hivi za kinywaji, kwa sekunde 25 hadi 30. Maji huwa kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi, yakisukumwa kwa mgandamizo wa ba 9. Kahawa ikisagwa chenga kubwa, maji hupita mbio na kikombe hutoka chepesi na kichachu. Ikisagwa laini mno, kahawa hudondoka tone kwa tone na kuwa chungu. Anayeyajua haya matatu, yaani uzito, muda na usagaji, anaweza kujirekebisha mwenyewe. Asiyeyajua hubadilisha vyote kwa mpigo na kumaliza asubuhi akiwa mbali zaidi na pale alipoanzia.

Kurukwa kwa somo hili kuna kejeli yake mjini hapa. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, la kwanza la aina yake nchini, na humo dhahabu huwekwa kwenye mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Mchimbaji na mnunuzi wanaweza kukaziana macho kwa sababu ya pointi mbili. Kwenye kaunta ya kahawa, mji uleule hupima kwa jicho, na jicho la saa kumi na mbili asubuhi si jicho la saa nne.

Ajali za barista mpya huanzia kwenye mpini wa chujio. Mpini huo hushindiliwa kahawa, hupachikwa chini ya mashine na kuzungushwa hadi ukaze. Usipokaza, mgandamizo ukipanda huchomoka, na tope la moto hutawanyika ukutani, kwenye aproni na kwa mteja wa shati jeupe, ambaye kwa sababu zisizojulikana ndiye hukaa karibu kila mara. Tahadhari ni moja: kabla ya kubonyeza, mpini uvutwe kidogo kwa mkono kuhakikisha umeshika. Tahadhari hii huchukua sekunde moja na ndiyo ya kwanza kusahauliwa foleni ikifika mlangoni.

Ajali ya pili ni ya maziwa. Ncha ya bomba la mvuke hukaa chini kidogo ya uso wa maziwa baridi kwa sekunde chache ili kuingiza hewa, kisha huzamishwa yazunguke mpaka yafike nyuzi 60 hadi 65, pale jagi linapoanza kuukataa mkono. Barista aliyefundishwa mbiombio huzamisha bomba lote tangu mwanzo. Maziwa hupiga yowe, wateja hugeuka, na povu halitoki. Akiliogopa yowe, huliinua bomba juu ya maziwa, na maziwa humfuata usoni. Baada ya hapo husahau kulifuta, na baada ya dakika chache maziwa yaliyobaki huungulia kwenye chuma na kutoa harufu ambayo hakuna mteja aliyeiagiza.

Hata maziwa yakitoka sawasawa, kazi haijaisha. Mteja aliyelelewa kwa chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikafurika huonja nyuzi 65, huweka kikombe chini na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, hii mbona haijaiva?" Kitabu kinasema maziwa yakipita nyuzi 70 hupoteza utamu wake, mama huyu anasema hayajaiva, na anayelipa ni mama. Njia ya kati ni kuuliza mapema: ya kawaida au ya moto sana? Swali hilo huokoa kikombe kimoja na heshima za watu wawili.

Espreso nayo huleta kesi zake. Mwanamume aliyetoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, vumbi likiwa bado nyusini, huiagiza kwa kuwa jina lake liko juu kabisa ya orodha, hukitazama kikombe kidogo na kuuliza, "Dogo, nyingine inakuja?" Mwingine husema anataka kahawa ya maziwa, akimaanisha Africafe ya Bukoba iliyokorogwa kwenye maziwa ya moto, naye hupewa kitu chenye povu hadi puani. Wa tatu huonyesha picha ya kapuchino na kusema anataka hiyohiyo ila isiwe na povu. Kubishana hakumsaidii yeyote. Barista anayeeleza kinywaji kabla ya kukitengeneza, kwamba hiki ni kidogo, kikali na cha mafunda mawili, hupokea malalamiko machache kuliko anayetaja jina la Kiitaliano na kutabasamu.

Mashine nayo ina siku zake. Umeme ukikatika, birika lake hupoa, na ukirudi huhitaji dakika kadhaa kurudisha joto, muda ambao foleni huutumia kumtazama barista. Vumbi jekundu huingia kwenye kinu cha kusagia, na chumvi za maji huganda ndani ya mabomba. Ikiharibika kabisa, huitwa fundi kutoka Mwanza. Zamani fundi alisingizia kivuko. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, limebaki jibu moja tu: "Niko njiani."

Msongo wa mawazo hutokana na hayo yote kwa pamoja, lakini mtetemeko wa mikono una chanzo kingine kisichotiliwa shaka. Barista mpya huonja kila kikombe kilichoharibika ili ajue kimeharibika vipi. Espreso ya kipimo kimoja huwa na miligramu 60 hivi za kafeini, na kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima mwenye afya ni hadi miligramu 400 kwa siku. Vikombe vibovu saba kabla ya saa sita mchana vinatosha kumfanya mtu aamini kwamba anamwogopa bosi, kumbe ni kafeini tu. Waonjaji wa kahawa kitaalamu huonja na kutema. Naye anaweza, mradi mteja asione. Na akiungua kwa mvuke, mkono uwekwe chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta ya kula, ambavyo wenzake watamletea kwa upendo, virudishwe jikoni.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Vikombe vilivyovunjika haviwezi kukatwa mshahara kiholela: mfanyakazi lazima awe na kosa, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Barista anayeyajua haya bado atavunja vikombe, ila atalala.

Kinachobaki ni kujifundisha kwa mpangilio. Kwanza inunuliwe mizani ndogo ya jikoni, na vipimo vilivyotoa kikombe kizuri viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa karibu na kinu. Pili, libadilishwe jambo moja kwa wakati, na kwa kawaida liwe usagaji. Tatu, kila agizo lirudiwe kwa sauti mbele ya mteja, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa masikioni kabla hayajafika mikononi. Nne, mazoezi ya maziwa yafanywe kwa maji baridi yenye tone la sabuni ya maji, ambayo hutoa povu linalofanana bila kumaliza maziwa ya bosi. Kikombe cha zoezi kimwagwe mara moja, kisije kikafika mezani. Tano, bosi aombwe saa moja ya mafunzo kabla ya kufungua, wakati hakuna foleni, na aombwe kwa hesabu: kahawa na maziwa vinavyomwagwa kila siku, vikizidishwa kwa siku za mwezi. Mjini Geita hoja ya gramu husikika haraka kuliko hoja ya machozi.