Rafiki wa Mungu, Adui wa Makasisi

Mwizi wa kawaida hukificha alichoiba. Christian wa Braunschweig alikipiga chapa ya jina lake mwenyewe.

Mwaka 1622, vita vya Ujerumani vikiwa bado vichanga, kijana huyu wa miaka 22 aliingia Paderborn, milki ndogo ya askofu-mtawala, akiwa na jeshi linalodai mshahara. Ndani ya kanisa kuu kulikuwa na sanduku la fedha la Mtakatifu Liborius. Likayeyushwa, likazaa sarafu za thaler. Upande mmoja, mkono wenye upanga ukichomoza mawinguni, na maneno "Yote pamoja na Mungu". Upande wa pili: "Rafiki wa Mungu, adui wa makasisi". Ama kweli rafiki! Anakomba nyumba yako, kisha anakuandikia risiti ya mapenzi.

Na huyo adui wa makasisi, Mprotestanti, ndiye aliyekuwa msimamizi wa uaskofu wa Halberstadt. Cheo hicho hakukiyeyusha.

Agosti mwaka huohuo, katika mapigano ya Fleurus, alijeruhiwa mkono wa kushoto, ukakatwa. Akatoa medali: "Mwingine umebaki".

Watunza hazina wa makanisa ya jirani bila shaka walimwelewa.